Telegramu Kutoka Savannah

Ndunge alipokufa, mwanawe Kyalo alinijia hapa Wote, akakaa kwenye kochi langu, akakataa chai, akakubali maji. Alitaka niseme machache siku ya mazishi. "Anti, utatupea tu zile hadithi za Amerika," alisema. "Watu wachangamke kidogo. Hakuna mtu mwingine alikuwa na yeye huko." Nilimtazama. Sasa ni mzee mwenye mvi na wajukuu, lakini bado ana ile tabia ya kumwangalia mtu mdomoni anapozungumza, kana kwamba hataki neno limpite. Nikamwambia nitakuja. Mimi si mtu wa kulia ovyo, na siku hiyo pia sikulia. Nilimsindikiza mpaka langoni, nikarudi, nikaosha gilasi yake mara mbili. Pale kijijini kwetu Tawa kila mtu mzima anajua kwamba Ndunge alikataa kurudi kumzika binti yake kwa sababu ya kazi ya wazungu. Ni uongo, na uongo huo niliutunga mimi nikiwa na miaka kumi na tisa.

Safari ilianza na mzungu mmoja, Bi. Lorraine, aliyekuja sokoni Tawa mwanzoni mwa miaka ya themanini kununua viondo, vikapu vyetu vya katani. Kwao Savannah, mji wa pwani huko kusini mwa Amerika, alikuwa kwenye kamati ya kutunza nyumba moja ya kale ambayo wageni walilipia kuingia. Siku hiyo alimwona Ndunge akiteremka mteremko na mzigo wa kuni mgongoni, kamba yake imekaza kwenye paji la uso, huku mikono yake miwili ikisuka kiondo bila yeye kuitazama. Kwetu hilo ni jambo la kawaida. Mwanamke wa Ukambani anayetembea mikono mitupu huulizwa kama ni mgonjwa. Bi. Lorraine alisimamisha gari katikati ya barabara. Mwezi haukuisha kabla hajasema anamtaka mama huyo asuke na kutembea kwao msimu mzima, wageni wamwone. Ndunge hakujua Kiingereza wala kusoma, basi wakatafuta msichana wa kumsemea, na mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nikijivunia Kiingereza changu kuliko ilivyofaa. Kusuka sikujua. Kiondo changu cha pekee kilitokeza tumbo upande mmoja, na akina mama wa kikundi cha kusuka walikuwa wakiwekea mbuzi chumvi ndani yake. Nilipanda ndege nikijua vizuri kwamba bila Ndunge mimi sina maana yoyote.

Mji ule nilipendezwa nao siku ya kwanza, na hata leo sijaacha, jambo ambalo nalionea aibu. Umejengwa kwa ajili ya miguu. Unatembea kidogo unakuta kiwanja cha miti na viti, unavuka, unatembea tena kidogo, unakuta kingine. Miti yake ni minene na imeinama juu ya barabara, na matawini mna manyoya marefu ya kijivu yanayoning'inia. Nyumba zina ngazi za mawe na vyuma vilivyosukwa madirishani, na kila ukuta una kibao cha kueleza nani alikufa humo. Chini kabisa uko mto unaokwenda baharini, na barabara ya kando yake imetandikwa mawe ya mviringo yanayovunja kisigino. Bi. Lorraine alitueleza kwamba mawe hayo yalikuja zamani kwenye matumbo ya meli ili zisilale upande. Nikamtafsiria Ndunge. Tulizungumza Kikamba, lakini nakiandika hapa kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, kwa sababu ndicho kinachokaribia sauti yake. "Hawa watu walienda kuleta mawe ng'ambo?" aliuliza. "Basi hiyo meli yao haikuwa na kitu ya maana ya kubeba." Kilichomshangaza zaidi ni wale wageni waliotembea kutwa nzima bila mzigo na bila mahali pa kwenda. Alikuwa akiwahesabu kwa kidevu. "Huyu amepita hapa mara tatu. Mumbua, muulize amepoteza nini."

Tulilazwa nyuma ya ile nyumba, kwenye chumba cha matofali juu ya jiko la zamani. Kilikuwa na dirisha moja, vitanda viwili vya chuma, na dari ya chini kiasi kwamba niliweza kuigusa nikiwa nimelala. Bi. Lorraine aliwaambia wageni kwamba humo walilala watumishi. Odessa, mpishi, mwanamke mweusi wa makamo mwenye magoti mabovu, alituambia siku ya pili bila kuzunguka kwamba walikuwa watumwa, na kwamba bibi ya bibi yake alizaliwa kwenye chumba kama kile mtaa wa tatu. Nilipomweleza Ndunge, alikaa kitandani akayapapasa matofali ukutani kwa muda mrefu. "Na sisi wametuweka hapa," alisema. Haikuwa swali. Mchana wageni walisimama chini ya dirisha letu, na mimi, kwa kuwa nilijua Kiingereza, nilipata faida ya kuwasikia. "Kweli wanalala mle?" mama mmoja aliuliza. "Ndiyo," Bi. Lorraine alijibu kwa fahari, "tulitaka kila kitu kiwe cha asili." Mume wa yule mama aliuliza kama tunajua kutumia choo. Wakacheka, si kwa ubaya, kama mtu anavyocheka ng'ombe akipiga chafya.

Chakula ndicho kilichotuokoa. Asubuhi Odessa alitupa uji mzito wa mahindi yaliyokobolewa, wenye siagi na chumvi, na Ndunge alipouonja mara ya kwanza alifumba macho. Akachota kwa vidole, akauchunguza. "Hii ni muthokoi," alisema, akimaanisha mahindi yetu ya kutwanga. "Lakini imesagwa na mtu mvivu." Nilipomtafsiria Odessa, alicheka mpaka akashika meza. Tangu siku hiyo walipikiana. Hawakuwa na neno hata moja la pamoja, lakini niliwakuta wakichambua kunde wakiwa wamekaa magoti yakigusana, kila mmoja akisema ya kwake kwa lugha yake, wakiitikiana pale panapofaa. Nilikuwa nikijihisi nimezidi humo jikoni, mimi niliyelipiwa ndege ili niwaunganishe.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ndunge alikuwa mwanamke wa kanisa. Alikuja na gauni la kola, kitambaa cheupe cha kichwani na viatu vya ngozi alivyonunua Machakos. Bi. Lorraine alisema vitu hivyo vinachanganya wageni. Avae leso mbili na akae peku. Nikamwambia Ndunge kwamba ndiyo sheria ya nyumba, naye akavua viatu vyake, akavifunga kwenye gazeti. Aliketi uani kwenye kigoda akisokota katani kwenye paja lake, na watu wakalipiga picha paja hilo, paja la mama wa miaka arobaini na tano ambalo hata jirani yake Tawa hakuwahi kuliona. Saa nne alizungushwa viwanja vitatu akisuka huku akitembea, kundi nyuma yake, na mimi pembeni nikieleza. Watoto walimvuta nguo. Mara moja mzee mmoja alimfunua mdomo kwa kidole gumba atazame meno aliyochongwa usichanani, na Ndunge akanigeukia, kidole kingali mdomoni, akingoja niseme kitu. Nilimtafsiria mzee yule kwamba meno huchongwa kwa ajili ya urembo. Hivyo ndivyo nilivyokuwa, na ilikuwa kabla ya ile telegramu, kwa hiyo nisije nikadai kwamba telegramu ndiyo iliyoniharibu.

Mwezi Julai Bi. Lorraine aliniita sebuleni, akanipa maji ya ndimu, akasema nina kichwa kizuri. Kulikuwa na chuo pale mjini, na mkuu wake alikuwa rafiki wa kamati. Tukimaliza msimu vizuri, mwisho wa Oktoba, angeniandikia barua, na Januari ningeanza masomo. "Kikubwa ni kwamba mama asichoke njiani," alisema, akanipapasa mkono. Niliporudi uani nilimkuta Ndunge akisuka, nikamtazama kama mtu anavyotazama mti aliokalia tawi lake. Akaniuliza nimeitiwa nini. Nikasema ni mambo ya ratiba.

Telegramu ilikuja asubuhi moja ya Agosti. Odessa aliipokea mlangoni akaniletea jikoni, kwa sababu barua zote za Ndunge zilipitia kwangu. Kupitia dirishani nilimwona uani akilowesha katani kwenye ndoo, akiimba wimbo wa kanisani chini chini. Nikafungua. MWENDE AMEFARIKI NA MTOTO. TUNANGOJA MAMA. KYALO. Mwende alikuwa binti yake wa pekee, hajaolewa, yuko nyumbani, mimba ya miezi minane tulipoondoka... hapana, najikosoa, tulipoondoka ilikuwa changa, na Ndunge alikuwa akihesabu miezi kwa mafundo kwenye uzi. Odessa aliniona usoni. "Ni mbaya?" aliuliza. Nikasema, "Hapana. Binti yake amejifungua." Ningependa kuandika kwamba ulimi uliteleza. Haukuteleza. Kati ya swali lake na jibu langu nilikwisha kuona ndege inayomrudisha Ndunge, na kiti changu kando ya chake, na mlango wa chuo umefungwa.

Odessa alipiga kofi, akatoka mbio na magoti yake mabovu, na kabla sijamfikia alikuwa ameshamkumbatia Ndunge. Ikabidi nitafsiri. "Mwaitu," nikasema, kwa maana mama yangu, kama tulivyomwita wote, "Mwende amejifungua salama. Ni msichana." Ndunge alisimama na katani ikichuruzika maji mikononi. Kwa kuwa mtoto hana baba wa kutajika, jina lingetoka upande wa mama. "Wamemwita nani?" aliuliza. Nikasema, "Wamemwita Ndunge." Alipiga vigelegele ambavyo naamini vilisikika mpaka mtoni. Wageni walikuwa wameanza kuingia getini. Walidhani ni sehemu ya maonyesho, wakapiga makofi, na yeye akawachezea, mabega yakiruka, mama mwenye maiti ya mtoto wake Machakos hospitalini. Mchana Odessa alioka keki. Nilikula vipande viwili.

Aliyebaki alikuwa Kyalo. Alikuwa na miaka kumi na sita na angengoja. Kwetu binti hazikwi mama yake akiwa hai na hajatia mchanga. Angetuma telegramu nyingine, au mchungaji angetafuta simu. Kesho yake nilivuka vile viwanja vitatu peke yangu hadi ofisi ya telegramu, nikapewa fomu na kalamu iliyofungwa kwa mnyororo. Ningeweza kuandika kwamba mama ni mgonjwa. Ningeweza kuandika kwamba ndege hazipatikani, na wangeamini, nani Tawa alijua habari za ndege? Lakini jibu la huruma huleta maswali. Nilitaka jibu litakalowafunga mdomo, litakalowachukiza kiasi kwamba hawataandika tena. Nikaandika: ZIKENI. NIKO KAZINI. MAMA. Karani aliniuliza ni lugha gani. Nikamwambia, naye akasema inasikika tamu.

Hawakuandika tena. Akili yangu ilifanya kazi vizuri kama nilivyotaka. Sasa, kuna jambo ambalo lazima msomaji alijue ili aone ukubwa wa nililotenda. Kwetu mtu akifiwa, mikono yake hulala. Halimi, hasuki, hatwangi, mpaka aliyekufa aingie ardhini. Mwanamke anayeshika kazi wakati mwanawe hajazikwa huonekana ana mkono katika kifo hicho. Siku hizo hizo Ndunge alisuka kuliko wakati wowote. Alianza kiondo kidogo cha mjukuu, kinachoenea kwenye viganja viwili, chenye mistari ya rangi aliyoitengeneza kwa maganda ya vitunguu ya Odessa. Alikisuka akitembea, akila, akiwa chooni kwa ninavyojua. Kila Jumamosi alinitaka nimsomee barua. Nilichukua karatasi yoyote, hata tangazo la duka, nikamsomea kwamba mtoto ameanza kutabasamu, kwamba anafanana naye, kwamba Mwende ananyonyesha bila shida. Nilikuwa hodari. Mara moja alicheka mpaka akafuta machozi, akaniambia, "Mumbua, Mungu akupe macho hayo hayo mpaka uzeeni." Nikaitikia amina.

Tulirudi Novemba. Nilikuwa nimejiahidi kumwambia ndani ya ndege, halafu Nairobi, halafu Machakos tulipokunywa chai. Kila mahali nilipata sababu. Tulifika kwake mchana, jua kali, mvua zimeanza na nyasi zimeota. Kwenye uzio alivua viatu ili akimbie vizuri, akaita, "Mwende! Leta huyo mama yangu mdogo nimuone!" Kyalo alikuwa amekaa mlangoni na wanawake watatu wa kikundi. Walimwona akija wakabaki wamekaa. Alipita na kiondo kile mkononi, akazunguka nyumba, na nyuma ya nyumba akakuta kaburi lenye nyasi fupi za miezi mitatu. Hakupiga kelele. Alirudi polepole akasimama mbele ya mwanawe, na Kyalo, bila kuinuka, akatoa karatasi mfukoni. "Si ulisema tuzike?" alisema. "Tukazika. Sasa umekuja kufanya nini?"

Ndunge aliichukua ile karatasi akaigeuza huku na huku. Kisha akanipa mimi. "Wewe ndiye macho yangu," alisema. "Soma." Nikaisoma. Maneno matatu na MAMA mwishoni, wale wanawake wakisikiliza kama mahakamani. Nilipomaliza, aliniangalia. Hakuwa mjinga, aliyeweza kuandika alikuwa mmoja tu. Niliinamisha kichwa nikingoja anitaje, na naapa nilitaka anitaje. Akamgeukia Kyalo. "Ndio," alisema. "Ni mimi nilisema hivyo." Mmoja wa wale wanawake alitema mate chini, wakainuka wote watatu wakaondoka.

Nilimfuata nyuma ya ghala nikapiga magoti. "Mwaitu, nitawaambia. Naenda kuwaambia sasa hivi." Hakuwa akilia. Alikuwa akifumua kile kiondo kidogo, mshono mmoja mmoja, kwa utaratibu. "Ukiwaambia," alisema, "watasema Mumbua alikuwa mtoto. Alikuwa anataka masomo. Shetani alimwingia. Jumapili watakuita mbele wakuombee, na utalala vizuri. Mimi sitaki ulale vizuri. Nyamaza." Nikanyamaza. Januari nilipanda ndege tena.

Watu hupenda kusikia kwamba mkosaji aliteseka. Sikuteseka sana. Bi. Lorraine alitimiza ahadi yake, nilisoma miaka miwili, nikarudi nikapata kazi ya ofisi Kitui kisha hapa Wote, nikajenga. Ndunge alikaa Tawa na jina la mama aliyeuza maziko ya mwanawe. Kikundi kilimtoa. Kwenye harusi alikula peke yake, na akipita na mzigo wasichana walifundishwa kumwonyesha: yule ndiye. Hakusuka tena, hata mara moja, na mikono ile ikawa mitupu njiani mbele ya macho ya watu. Nilikutana naye sokoni labda mara kumi katika miaka yote hiyo. Alinisalimia vizuri, akauliza kuhusu watoto wangu. Kila mara nilikuwa nikirudi nyumbani nikiwa nimemchukia.

Basi Ijumaa iliyopita Kyalo alinipa maikrofoni. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Aliyesemwa vibaya huvuta watu hata akifa. Nilijiambia nasema kwa ajili ya jina lake, kwamba sasa hayupo na katazo lake limekufa naye. Nikawaambia yote, telegramu ya kwanza na ya pili, keki, barua za uongo. Nilipofika kwenye maneno yake mlangoni, "ni mimi nilisema," watu waliguna wote pamoja. Kisha nikakaa, nikingoja mawe.

Mchungaji alichukua maikrofoni akasema, "Bwana asifiwe. Dada yetu alikuwa mtoto wakati huo. Ibilisi alimtumia. Si tumsamehe?" Wakaitikia kwamba wamenisamehe. Kyalo alibaki amesimama huku akitazama ardhi, halafu naye akaja akanipa mkono, kwa sababu watu wote walikuwa wakimwangalia. Yule aliyetema mate, sasa kikongwe anayeshikiliwa na mjukuu, aliletwa mpaka kwenye kiti changu akanikumbatia akilia, akinipapasa mgongo, akisema, "Pole mwanangu, umebeba mzigo mkubwa." Nyuma yake kulikuwa na foleni. Walinijia mmoja mmoja, wakanipa pole, mtu akaniletea soda, na jeneza lilikuwa hatua nne kutoka nilipokaa na hakuna hata mmoja aliyeligeukia kuliomba radhi.

Usiku huo nililala vizuri.